Mashini ya Baba Inakataa Kuamuka

Nchelenge, tarehe 12 mwezi ya kwanza 2025

Yaya Ruffin,

Mwapoleni mukwai, na mwaka mupya ikukute na nguvu. Sijui barua hii itakufikia wapi. Mama Clotilde alisikia kwa wenzake wa biashara ya samaki ya kama unatengeneza mashini kule Likasi, karibu na marché, soko yao. Akaniambia: "Andika tu, mimi navuka kila wiki mbili, mukono kwa mukono itafika." Namba yako ya zamani haiiti tena.

Sisi tuko. Ziwa imefungwa kwa uvuvi mpaka mwezi ya tatu, pirogue, mitumbwi yetu, zote zimelala kifudifudi juu ya mchanga. Mvua ni mingi. Asubuhi mvuke inapanda, hauoni tena wapi maji inaishia na wapi mbingu inaanzia, na kisiwa ya Kilwa inabakia inaelea pale katikati, kama ndoto ambayo mutu ameisahau nusu. Mimi nafundisha darasa ya ine. Watoto ni sitini na mbili, ubao ni moja.

Yaya, nikuambie sasa habari ya Baba, juu haina namna nzuri ya kuiambia. Mwaka jana, mwezi ya nane, alianguka akiwa anafunga kamba ya boti. Upande wa kuume ulikufa. Mukono wa kushoto unafanya kazi, masikio yanasikia, akili iko yote. Paka maneno tu njo yameenda. Mutu aliyepitisha watu kwenye ziwa hii miaka makumi ine, akiita kila jiwe na jina yake, leo anafungua kinywa na hakuna kitu kinatoka.

Kwa ajili ya ile nikakumbuka mashini yake, ile laptop uliyomuwekea Linux. Unajua kila siku ya Mungu, kisha misa, alikuwaka anajifungia chumbani na kusema ndani yake majina ya ziwa: mawe yenye kujificha, mahali upepo inageuka, njia ya Kilwa, njia ya Mununga. Nilitaka kumutafutia sauti yake. Lakini nafasi ilikuwa imejaa, nikaipeleka kwa Davies, yule wa kutengeneza simu sokoni, aongeze nafasi. Alifuta kitu fulani aliyoona iko bure. Tangu ile siku, ukiwasha, inakuja paka giza na maneno haya:

error: no such partition.
grub rescue>

Davies anasema dawa ni moja, kufuta yote na kuanza upya. Nimemunyang'anya mashini. Wewe njo uliipanga. Niambie nifanye nini. Na unitumie namba yako ya simu.

Mudogo wako,
Arlène


Likasi, le 20 février 2025

Mudogo wangu Arlène,

Barua yako imefika. Ilikuwa na harufu ya samaki kavu, nikajua ni ya kwetu mbele sijaifungua. Hapa mvua vilevile, udongo umekuwa mwekundu mpaka kwenye kuta. Niko na atelier ndogo ya kutengeneza, mulango moja, meza mbili. Mama anayeuza mikate mbele yangu anaitwa Priscille. Ananiletea chai na kusema mimi ni mutu anayeongea na vitu vilivyokufa. Afya ni nzuri.

Usimupatie tena Davies ile mashini. Data haijapotea. Sikiliza nikueleze, juu kama unaelewa hautaogopa.

Kompyuta ikiwashwa, inaamuka kama mutu aliyetoka kwenye usingizi mzito: haijui iko wapi. Ile programu ndogo inaitwa GRUB njo inaamuka wa kwanza, inaishika mukono na kuipeleka nyumbani, kwa Linux ao kwa Windows. Disque, pale mashini inaweka vitu vyake, imekatwa vyumba vyumba, na kila chumba kina namba. Davies alifuta chumba namba tano, ambayo haikuwa na kitu ya maana. Basi chumba ya sita ikasogea, ikaitwa tano. GRUB anaendelea kugonga mulango ya sita. Haiko. Anasimama kwenye giza na kusema hakuna njia.

Pale kwenye grub rescue, andika:

ls (hd0,msdos5)/

Kama unaona maneno boot na home, njo hapo. Kisha andika mistari hii ine, moja moja, na Enter kila mara. Usisahau mabano, usiache nafasi mahali sikuacha:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Itaamuka.

Yako,
Ruffin


Nchelenge, tarehe 23 mwezi ya tatu 2025

Yaya Ruffin,

Salamu mingi. Ziwa imefunguliwa. Wiki ya kwanza mchanga wote ulifunikwa na chisense, visamaki vidogo, zenye kukauka, ukitembea pale saa ya jua kali unafikiri unatembea juu ya maji yenyewe, kila kitu inang'aa mpaka macho inachoka. Darasa yangu imebakia nusu, wengine wako wanasaidia wazazi kuanika. Mama Clotilde anakusalimia.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali umeandika "Baba". Sikuiona. Labda Mama Clotilde aliangusha ukurasa moja kwenye maji.

Sasa mashini. Nilifanya vile ulisema, siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, asubuhi, Baba akiwa kwenye kiti yake karibu na dirisha. Boot niliiona, home niliiona. Nikaandika mistari ine. Nilipobonyeza Enter ya mwisho, giza ikatoka, nikapiga kelele: "Baba, imeamuka!"

Windows njo iliamuka. Windows tu. Hakuna swali, hakuna kuchagua, moja kwa moja. Nikatafuta kila mahali. Sauti za Baba haziko mule.

Nilizima, nikaanza tena. Vilevile.

Nilipogeuka, Baba alikuwa anaangalia ukutani. Yaya, kuna jambo haulijui. Mwaka ule wewe uliondoka, kisha wiki moja hivi, Baba alitoka chumbani na kuniambia: "Arlène, nimeharibu. Sijui niligusa wapi. Nimefuta ziwa yote kwa mukono yangu." Nilicheka, nikamuambia tutaipata. Hakutafuta tena. Miaka mbili aliamini ni mukono yake. Hakurekodi tena hata siku moja, akisema mashini haimutaki. Halafu maneno yakaenda.

Nimesoma kwa simu ya kama kuna programu zingine zenye kufanya kazi ile ya GRUB, moja wanaita systemd-boot, ingine rEFInd, na kila mutu anasifu yake. Tuitoe GRUB tuweke ingine? Labda hii njo mbaya.

Na namba yako haukunipatia.

Arlène


Likasi, le 19 avril 2025

Arlène,

Pasaka njema. Niko na kazi mingi, nitaandika fupi.

Usibadilishe GRUB. Zile mbili zinataka mashini za kisasa, zenye kuamuka kwa namna ingine. Ya Baba ni ya zamani, GRUB njo inaiweza. GRUB haina kosa.

Andika tena mistari ine. Lakini ukibonyeza Enter ya mwisho, shika touche, ile kifungo ya Shift, na uiache chini, usiitoe. Itakuja orodha. Ya kwanza ni Debian, njo ile Linux yenye sauti za Baba. Chagua ile. Itakawia dakika moja na nusu juu inatafuta kile chumba Davies alifuta, ngoja tu. Password ya Baba ni jina ya boti yake ya kwanza.

Ikifunguka, fungua terminal, ile dirisha ya kuandika amri, na uandike:

sudo nano /etc/default/grub

Mule utaona GRUB_DEFAULT. Iandike 0. Kwa GRUB_TIMEOUT_STYLE andika menu. Kwa GRUB_TIMEOUT andika 10, mutu apate sekunde kumi za kuchagua. Hifadhi, kisha:

sudo update-grub
sudo grub-install /dev/sda

Ile ya mwisho njo inamufundisha GRUB namba ya mulango mupya, asisahau tena. 

Mupe Baba maji mingi. Watu wa ile ugonjwa wanakausha mwili bila kujua.

Ruffin


Nchelenge, tarehe 25 mwezi ya tano 2025

Yaya,

Baridi imeanza. Upepo inatoka kusini, inalaza matete upande moja kama nywele yenye kuchanwa. Tuko wazima.

Nilishika Shift mpaka kidole ikauma. Orodha ikakuja. Debian. Ikakawia vile ulisema, mistari myeupe inashuka moja moja, na mimi nilihesabu pumzi ya Baba nyuma yangu. Kisha ikafunguka, na picha ya ziwa ambayo Baba aliwekaka ikajaa kioo.

Folda inaitwa ZIWA. Ndani mule, sauti mia moja na ine.

Nikafungua moja bila kuchagua. Kwanza kikohozi. Kisha: "Leo ni siku ya Mungu. Mimi Zéphirin. Ukitoka Nchelenge na unaenda Kilwa, usiangalie Kilwa. Angalia maji. Kilwa itakuja yenyewe."

Yaya, nilisahau sauti yake. Mwezi tisa tu, na nilikuwa nimeisahau. Niliogopa kugeuka. Sauti ilienda ndani ya nyumba yote, kwenye sufuria, kwenye mapazia, majirani wakasimama nje na ndoo zao kichwani. Mama Clotilde, aliyekuja kuchukua barua, akauliza pale kwenye mulango: "Zéphirin amepona?"

Nilipogeuka, Baba alikuwa amefunga macho. Mukono wa kushoto ulikuwa unaendesha boti. Kweli, Yaya: ulishika kitu ambayo haiko, ukaikunja kidogo kuume, kidogo kushoto, kufuata sauti yake mwenyewe. Tulisikiliza mpaka jua ikawa katikati. Kila moja ilipomalizika alipiga goti yake: ingine. Ingine. Katika ile nyumba hatukuwa Nchelenge tena. Tulikuwa kwenye maji, mahali pasipo na ukingo, na yeye njo alitupeleka.

Sasa nakuuliza, na ujibu.

Wewe ulijuaje ya kama orodha imefichwa? Sikukuambia. Mimi nilikuandikia paka Windows inaamuka, wewe ukasema shika Shift.

Mbele sijaandika kitu kwenye ile faili, niliangalia tarehe yake. Niliona GRUB_TIMEOUT=0. Niliona hidden, ni kusema imefichwa. Niliona Windows njo imewekwa ya kuamuka yenyewe. Na tarehe ilisema: 14 août 2022, mwezi ya nane.

Ile njo siku uliondoka na boti ya asubuhi, bila kuaga.

Nimefanya vile uliandika. GRUB imejua mulango yake. Inaamuka vizuri.

Arlène


Nchelenge, tarehe 6 mwezi ya saba 2025

Yaya Ruffin,

Mama Clotilde amevuka mara tatu na kurudi mikono mitupu. Anasema atelier iko wazi na wewe uko ndani.

Baba anasikiliza kila asubuhi. Sijamuambia kitu.

Arlène


Likasi, le 2 août 2025

Mudogo wangu,

Nimeandika barua hii mara mingi. Priscille ameniambia: "Kama hauwezi kuiandika vizuri, iandike vibaya, lakini itume." Basi naituma vile iko.

Unakumbuka mwezi ile ya nane, mbele sijaondoka, nilipandisha boti juu ya jiwe, upande wa Kilwa. Watu kumi na moja ndani. Hakuna aliyekufa, lakini mama moja alipoteza mizigo yake yote, na mutoto yake alikunywa maji mpaka akageuka rangi. Tulipofika Nchelenge, Baba alinitoa kwenye moteur ya boti mbele ya watu wote. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Huyu hatapeleka tena mutu." Watu wakashuka wakinipita, hakuna aliyeniangalia.

Kesho yake, kabla ya boti ya asubuhi, nilifungua mashini yake. Nilitaka kufuta yote. Nakuambia kweli. Kidole kilikuwa tayari. Nikasikiliza moja kwanza, na alikuwa anaeleza lile jiwe lenyewe, lile langu. Alikuwa amelisema miezi tano mbele ya ile siku. Mimi njo nilimuwekea ile programu na sikuwahi kusikiliza hata sauti moja.

Sikuweza kufuta. Lakini sikuweza pia kuiacha vile. Nikaweka Windows mbele, nikaondoa sekunde za kungoja, nikaficha orodha. Nilifikiri: ataniita. Atatuma mutu aniambie, "Ruffin, kuja utafute." Nami nitakuja, nitashika Shift, na atanihitaji. Nilingoja mwezi moja. Nilingoja mwaka. Sikufikiri hata mara moja ya kama atajilaumu mwenyewe.

Barua yako ya kwanza niliisoma nikiwa nimesimama. Nilijua mara moja ile orodha bado imefichwa, nikakutumia paka mistari ine. Nilitumaini Davies ameharibu kila kitu, hata ile yangu, isijulikane. Ile njo namna ya mutu niko.

Namba ya simu sikukupatia juu ningesikia Baba anapumua nyuma yako.

Unaweza kumusomea barua hii. 

Ruffin


Nchelenge, tarehe 24 mwezi ya nane 2025

Ruffin,

Sitamusomea. Mutu ambaye maneno yake ilichukuliwa hatasomewa maneno ya mutu mwenye kujificha.

Nilikasirika siku tano. Siku ya sita nilienda kukaa kwenye mchanga. Moshi ya majani yenye kuungua ilifunika ziwa, ng'ambo haionekani, na pirogue zilikuwa zinatoka ndani ya moshi moja moja, bila sauti, kama zinazaliwa. Nikafikiri, siku moja mutu atashuka kwenye moja ya hizi na nitasahau kukasirika. Basi nikaona afadhali nikuandikie mbele sijasahau.

Kuja. Umuambie kwa kinywa, wewe uko nayo.

Arlène


Likasi, le 26 octobre 2025

Mudogo wangu Arlène,

Nimerudi Likasi, nimefika vizuri. Jua hapa ni kali, miembe ya watu inaanza kubeba. Priscille amekula ule samaki uliomutumia na anauliza lini atakuja kuona ziwa yenye kumulisha hivi. Nyuma ya barua hii nimeandika namba yangu. Piga wakati wowote.

Mengine yote uliona na macho yako. Uliona nilivyopiga magoti nikamuambia, na alivyogeuza uso ukutani siku mbili, na akakataa chakula kwenye mukono yangu na kuikubali kwenye yako. Uliona siku ya tatu, alipogonga meza na kuniita na kidole, akaniweka mbele ya mashini, na kunifanyisha kazi: kusikiliza kila sauti na kuandika kwenye kahier, daftari, zote mia moja na ine, mimi ambaye sikuwahi kusikiliza moja. Nikikosea jina, alipiga goti. Wiki nzima. Nilikuwa nalala na yale majina, naamuka nayo, nikiona mawe chini ya maji kama vile kioo.

Lakini kuna kitu hauijui, juu ile siku ulikuwa darasani.

Kwenye kahier kulibaki pahali patupu. Njia ya Kilwa aliisema yote isipokuwa kipande ya mwisho, kabla ya kufika kwenye kisiwa. Niliona ile pahali ni siku ya Mungu iliyofuata kuondoka kwangu, ile ambayo hakurekodi juu mimi nilikuwa nimeficha orodha. Nilimuonyesha. Akaonyesha mulango. Nilimubeba mugongoni mpaka kwenye boti; alikuwa mwepesi, Arlène, niliogopa wepesi wake kuliko uzito. Bwembya, jirani, alitusaidia kusukuma. Nilimuomba Bwembya ashike moteur. Baba akamutoa na mukono, akanionyesha mimi.

Ziwa ilikuwa laini, haina hata kunjo moja. Mbingu ilikuwa chini yetu na juu yetu. Tulienda muda mrefu hivi, hakuna kitu kinasonga, nikadhani tumesimama na ni dunia njo inapita. Sikuangalia Kilwa. Baba alikaa mbele, mugongo kwangu, mukono wa kushoto hewani: huku, huku. Bwembya aliandika.

Tulipokaribia kisiwa, nikaona lile jiwe langu. Yaani sikuliona, niliona maji juu yake imebadilika rangi kidogo, kama kitambaa yenye kufuliwa mara mingi. Mikono yangu ikawa ya mutu mwengine. Nilitaka kupita haraka, imalizike. Nikafungua moteur.

Basi Baba alisema. Bila kugeuka. Ilitoka nzito, imepinda upande moja, lakini Bwembya aliisikia, na mimi niliisikia.

"Polepole."

Labda sasa amekuambia na wewe maneno mengine. Mimi nilipata ile moja.

Nikapunguza. Tukapita.

Ruffin